Ng'ombe wa umbo dogo kwa shamba la ekari chache: wa kienyeji, chotara wa Jersey au kibete wa Ulaya?

Mkulima wa Urambo mkoani Tabora mwenye ekari tatu, na mwenzake wa Buhigwe mkoani Kigoma ambaye kahawa na migomba vimeuchukua mteremko wake karibu wote, hawana nafasi ya kufuga kundi. Wanachohitaji ni ng'ombe mmoja au wawili wa bandani, watakaowapa watoto maziwa na shamba samadi bila kumaliza kila jani lililopo. Kwa wafugaji wa namna hiyo wazo la ng'ombe wa umbo dogo lina mantiki, kwa kuwa mnyama mdogo hula kidogo, hulala mahali padogo, na hata kijana wa shule anaweza kumshika kamba peke yake. Ugumu huanza wakati wa kuchagua mdogo yupi, kwa sababu wapo zaidi ya mmoja na hawafanani hata kidogo kwa mahitaji yao.

Makala haya yanawalinganisha watatu. Wa kwanza ni ng'ombe wa kienyeji tuliyemzoea, zebu wa pembe fupi mwenye nundu, ambaye jike lake lililokomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 200 na 300. Wa pili ni chotara wa Jersey, yaani mzao wa zebu huyo na Jersey, ng'ombe wa maziwa aliyetoka katika kisiwa cha Jersey kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ufaransa. Jersey kamili ana takribani kilo 400, naye ni mdogo kwa umbo kuliko Friesian na Ayrshire. Chotara wake kwa mazingira yetu huwa katikati ya wazazi wake wawili. Wa tatu ni kibete wa Ulaya, na hapa nimemchukua Dexter wa Ireland awe mwakilishi, kwa sababu yeye hufugwa kweli kwa maziwa na nyama, tofauti na vibete wengine wengi ambao wenzetu wa Marekani huwafuga kwa kupendeza macho. Jike la Dexter lina kimo cha sentimita 92 hadi 107 begani na uzito wa kilo 270 hadi 340.

Msomaji azitazame tena tarakimu hizo kabla hatujaendelea. Dexter ni mfupi wa miguu, lakini ana kifua na tumbo pana, na kwenye mizani mara nyingi humzidi zebu wa Nzega au Uyui ambaye hakuna anayemwita kibete. Ng'ombe hali kwa kimo chake. Hula kwa uzito wake na kwa maziwa anayotoa. Kwa hiyo anayetafuta mnyama mdogo ili kupunguza gharama ya chakula, na anayetafuta mnyama mfupi, wanaweza kuwa wanatafuta wanyama wawili tofauti.

Wapo vibete wengine ambao sitawagusa kwa undani. Lowline wa Australia alitokana na uteuzi wa ng'ombe wa Angus ulioanza mwaka 1974 katika kituo cha Trangie, naye ni wa nyama. Vechur wa jimbo la Kerala, India, asiyefika sentimita 90 kwa wastani na mwenye kilo 130 hivi, ana nundu kama zebu wetu na amezoea joto. Juhudi za kumwokoa asitoweke zilianza mwaka 1989 chini ya Profesa Sosamma Iype. Kwa tabia yake angestahili nafasi hapa kuliko Dexter, ila ni ng'ombe ambaye mhimilishaji wa Kasulu, yaani mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, hana namna ya kumpatia mteja wake. Ankole wa pembe ndefu, anayefahamika sana Kigoma na Kagera, nimemwacha kwa sababu ni mkubwa na pembe zake hazikubaliani na banda dogo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeweka vigezo vitano: chakula cha kiangazi, maziwa, magonjwa na hali ya hewa, uzazi pamoja na upatikanaji wa mbegu, na mwisho kazi nyingine za mnyama kama samadi, nyama na kukokota jembe. Bei ya kununulia nimeiacha nje kwa makusudi, kwa kuwa hubadilika kutoka mnada hadi mnada na kutoka mwezi hadi mwezi, na kwa kuwa gharama ya kumnunua ng'ombe wa bandani ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kumlisha kwa miaka yote atakayoishi. Chakula cha kiangazi kimewekwa mwanzo kwa sababu hicho ndicho kinachowaangusha wafugaji wengi wa magharibi mwa Tanzania. Mwezi Machi kila mtu anaweza kufuga Jersey. Swali ni nini kitakuwa horini mwezi Septemba.

Chakula cha kiangazi

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba hivi na kuishia Aprili, na Kigoma inakaribiana nayo, ingawa nyanda za juu za Kasulu, Buhigwe na Kibondo hupata mvua nyingi zaidi na hubaki na ubichi kwa muda mrefu kuliko Igunga. Tuhesabu basi siku 180 za ukavu. Ng'ombe huhitaji kila siku chakula kikavu, yaani kikiondolewa maji, cha takribani asilimia 2.5 ya uzito wake, na anayekamuliwa vizuri hufika asilimia 3.

Zebu wa kilo 220 atahitaji kilo 5.5 kwa siku, ambazo kwa kiangazi kizima ni kama tani moja. Dexter wa kilo 300 atahitaji kilo 7.5, yaani tani moja na robo hadi moja na nusu. Chotara wa Jersey wa kilo 350 anayetoa maziwa atahitaji kilo 10 na ushee, na hesabu yake ya kiangazi hukaribia tani mbili. Shamba la mahindi la ekari moja lililotoa magunia kumi ya kilo 100 huacha mabua ya tani moja hadi moja na nusu, na kati ya hayo mnyama atayaacha mengi, hasa sehemu ngumu ya chini, kama hayakukatwakatwa. Kwa hesabu hiyo mabua ya ekari moja na nusu hadi mbili yanaweza kumvusha zebu mmoja. Kwa chotara wa Jersey hata ekari tatu hazitoshi peke yake, kwa sababu tatizo lake haliishii kwenye wingi.

Mabua makavu yana protini kidogo mno. Zebu akilishwa mabua matupu atakonda na maziwa yatakatika, lakini atafika Novemba akiwa hai na atarudisha mwili majani yakichipua. Chotara wa Jersey hana uvumilivu huo. Akikosa protini hukauka maziwa kwanza, kisha huacha kupata joto, yaani hali ya kutaka dume, na mfugaji hujikuta analisha kwa miezi mingi mnyama asiye na maziwa wala mimba. Ndiyo maana anayemchagua lazima awe na chanzo cha pili cha chakula kabla hajamleta nyumbani: mashudu ya alizeti au ya pamba, ambayo kwa wakazi wa Nzega na Igunga yanaweza kutafutwa katika maeneo ya mazao hayo, mashudu ya mise, yaani kokwa za michikichi, kwa walio karibu na ukamuaji wa mafuta Kigoma, majani makavu ya karanga yaliyohifadhiwa bila kuvu, marando ya viazi vitamu, na zaidi ya yote, mistari ya lusina iliyopandwa kwenye mipaka ya shamba. Lusina hubaki na majani kiangazi wakati matete yamesimama kukua, ila isizidi theluthi moja ya mlo, kwa kuwa ina sumu inayodhuru ikiliwa kwa wingi. Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kina historia ndefu ya kazi ya kilimo mseto, na ni mahali pazuri pa kuuliza kuhusu miti ya malisho inayostahimili udongo wa kichanga wa huko.

Wenye eneo la kutosha katika Nzega na Igunga wanaijua njia nyingine ya zamani, ngitili, yaani kufunga sehemu ya ardhi mvua zinapokuwa zinanyesha ili majani yake yasubiri kiangazi. Kwa shamba la ekari tatu ngitili kamili haiwezekani, lakini robo ekari iliyozungushiwa uzio na kukatwa hei mwezi Aprili, kabla majani hayajakomaa na kuwa magumu, hufanya kazi ileile kwa kiasi kidogo.

Dexter katika kigezo hiki yuko katikati. Sifa yake ya kula majani mabaya ni ya kweli ikilinganishwa na ng'ombe wengine wa Ulaya, na aliipata katika malisho duni ya kusini-magharibi mwa Ireland. Malisho hayo, hata hivyo, ni mabichi na yenye unyevu mwaka mzima, na uduni wake si ule wa bua la mahindi la mwezi Oktoba.

Maji yasisahauliwe katika hesabu. Zebu mdogo hutosheka kwa lita 20 hadi 30 kwa siku, wakati chotara anayekamuliwa wakati wa joto huweza kuhitaji mara mbili ya hizo. Mahali ambapo maji huchotwa kwa ndoo kutoka kisima cha mbali, kigezo hiki peke yake kinaweza kumaliza mjadala.

Maziwa

Zebu hutoa lita moja hadi tatu kwa siku, na kwa kawaida hukubali kushusha maziwa ndama akiwepo tu. Hukauka mapema, mara nyingi baada ya miezi sita hadi minane, na huchelewa kuzaa; mtamba wake anapozaa mara ya kwanza huwa na umri wa miaka minne hivi. Kwa nyumba yenye watoto watatu, lita moja na nusu ya kila asubuhi si kitu cha kudharauliwa, lakini hakuna biashara hapo.

Chotara wa Jersey aliyelishwa kama ilivyoelezwa hutoa lita sita hadi kumi kwa mfugaji mdogo, na hukamuliwa kwa muda mrefu zaidi. Maziwa yake ni mazito kuliko ya Friesian: Jersey kamili hukaribia asilimia 5 ya mafuta, wakati Friesian yuko chini ya asilimia 4. Tofauti hiyo ina maana kwa anayetengeneza mtindi, siagi au samli. Kwa anayeuza maziwa mabichi kwa lita, mnunuzi hampi hata shilingi zaidi kwa uzito wa maziwa, na huo ni ukweli ambao wauzaji wa mitamba huupitia haraka.

Dexter kwao hutoa lita saba hadi tisa kwa siku, yenye mafuta ya asilimia 4 hivi. Kiasi hicho ni kikubwa kwa mnyama wa kilo 300, na ndicho kilichompa jina la ng'ombe wa mkulima mdogo huko Ireland. Mfugaji wa Sikonge asiichukue tarakimu hiyo na kuipeleka moja kwa moja kwenye banda lake, kwa kuwa imepatikana kwenye majani, baridi na tiba ya huko.

Magonjwa na hali ya hewa

Hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko mahali pengine pote. Kupe huleta ndigana kali, ndigana baridi, mkojo mwekundu na ugonjwa wa moyo kujaa maji, na mbung'o huleta nagana. Misitu ya miombo inayozunguka Urambo, Kaliua na Sikonge kuelekea Ugalla, na ile ya Kibondo na Kakonko kuelekea Moyowosi, ina historia ndefu ya mbung'o. Anayepakana na misitu hiyo afanye uchaguzi wake akiwa na ramani mkononi.

Zebu amekua pamoja na kupe, na wengi wao hupona pale ambapo mgeni angekufa, ingawa ndama wake bado huuawa na ndigana kali kwa wingi. Kuhusu nagana, wapo wanaoamini kuwa udogo wa mwili ni kinga. Imani hiyo ina chanzo halisi, maana Afrika Magharibi kuna ng'ombe wafupi wasio na nundu, kama N'Dama na Muturu, wanaoweza kuishi na vimelea vya nagana bila kudhoofika sana. Uvumilivu wao hutokana na damu yao ya kale na hauhusiani na kimo. Zebu wetu hana uvumilivu wa kiwango hicho, na akichungwa kwenye mbung'o ataugua na kuhitaji sindano kama ng'ombe mwingine.

Chotara wa Jersey anahitaji kuogeshwa au kunyunyiziwa dawa ya kupe kwa ratiba, kila wiki msimu wa mvua, bila kukosa. Faida yake ni kwamba akilishwa bandani kwa majani ya kukatwa hukutana na kupe na mbung'o wachache kuliko zebu anayechungwa. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, inayotolewa mara moja na mtaalamu pamoja na dawa ya antibiotiki ya muda mrefu, na kinga yake hudumu miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Kwa maoni yangu, mtu asiyeweza kumpata mtaalamu wa chanjo hiyo katika wilaya yake bado hajawa tayari kwa ng'ombe mwenye damu ya kigeni. Kuhusu joto, Jersey huvumilia vizuri kuliko Friesian. Kando ya Ziwa Tanganyika, penye kimo cha mita 770 hivi na joto la kudumu, atahitaji banda la paa la juu lenye kivuli na hewa, wakati Manyovu na Kasulu, zilizo juu zaidi, humfaa bila taabu. Ana udhaifu mmoja wa kuzaliwa nao: homa ya maziwa, inayomwangusha siku chache baada ya kuzaa kwa kupungukiwa na kalisi damuni. Hutibiwa kwa sindano ya kalisi na mnyama husimama upesi, mradi mtaalamu afike kabla hajalala muda mrefu.

Dexter hana historia yoyote na kupe wetu. Katika kigezo hiki anawekwa pamoja na ng'ombe wote wa Ulaya, na udogo wake haumwongezei chochote.

Uzazi na upatikanaji wa mbegu

Zebu hupatikana kila mnadani na dume halikosekani kijijini. Kinachohitajika ni jicho: achaguliwe jike aliyekwisha kuzaa, mwenye kiwele laini na chuchu nne nzima, anayeshikika, kuliko mtamba mrembo asiye na rekodi.

Chotara wa Jersey hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua mtamba mwenye mimba kutoka kwa wafugaji wa maziwa, na hapo kibali cha kusafirisha mifugo pamoja na vipimo vya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, na vya kifua kikuu visirukwe. Ya pili, ambayo wengi hawaipi uzito unaostahili, ni kumhimilisha zebu wako mwenyewe kwa mbegu ya Jersey. Ndama wa Jersey huzaliwa mdogo, kwa hiyo jike mfupi wa kienyeji humzaa kwa urahisi kuliko ndama wa Friesian, ambaye anaweza kumpasua. Mbegu huzalishwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, na husafirishwa katika mitungi ya naitrojeni ya maji. Pale mtungi unapokauka, mbegu hufa, na ndiyo sababu ya kumuuliza mhimilishaji wa eneo lako anaijaza lini na wapi.

Njia hiyo ina ugumu wake. Zebu hupata joto kwa saa chache, mara nyingi usiku, na dalili zake ni hafifu, hivyo mfugaji asiyelala karibu na zizi hulikosa. Kanuni inayotumika ni kwamba aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, na wa jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Akishika, mimba huchukua siku 280 hivi, na kama ni jike, itachukua miaka miwili na nusu hadi mitatu mingine kabla binti huyo hajakamuliwa. Ni njia ya anayeweza kusubiri. Wafugaji waanzao hivi hujiuliza pia wafike wapi katika kuongeza damu ya Jersey, na jibu langu ni kwamba katika mashamba yasiyo na mashudu ya uhakika nusu damu inatosha. Robo tatu ni kwa aliyekwisha kuthibitisha kuwa analisha vizuri, na kuendelea juu ya hapo ni kurudi kwenye udhaifu wa Jersey kamili. Tena, dume la Jersey lisifugwe kwenye boma lenye watoto. Majike ni wapole sana, lakini madume yao yanajulikana kwa ukali, na ni bora kulipia uhimilishaji.

Kwa Dexter hali ni nyingine kabisa. Kuingiza mnyama au mbegu kutoka nje kunahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, vyeti vya afya kutoka nchi ya asili na karantini kwa mnyama hai, na mfugaji wa ng'ombe wawili hawezi kuibeba gharama hiyo peke yake. Kuna jambo la pili ambalo anayemtamani ni lazima alijue. Ufupi wa baadhi ya Dexter hutokana na kasoro ya kurithi ya ukuaji wa mifupa. Mnyama mwenye nakala moja ya kasoro hiyo huwa na miguu mifupi na afya nzuri; wawili wa namna hiyo wakipandana, mimba moja kati ya nne kwa wastani huwa ya ndama aliyeharibika umbo, asiyeweza kuishi, na mara nyingi hutoka kabla ya wakati. Kipimo cha vinasaba huonyesha nani anayo na nani hana, na wafugaji waangalifu wa huko hutumia madume yaliyopimwa. Yeyote atakayewahi kuagiza mbegu ya Dexter adai cheti hicho kwanza. Ajihadhari pia na picha za mtandaoni, kwani nyingi huonyesha ndama wa miezi michache huku maelezo yakimwita ng'ombe mzima.

Samadi, nyama na kukokota

Ng'ombe hutoa samadi mbichi ya takribani asilimia 5 ya uzito wake kila siku, kwa hiyo zebu wa kilo 220 hutoa kilo 10 hivi na chotara wa kilo 350 hutoa 17. Anayechungwa mchana huacha nusu yake njiani. Kwa mwenye migomba Manyovu au mahindi Uyui, kwenye udongo uliochoka, samadi inaweza kuwa na thamani inayokaribia ya maziwa, na hapo mnyama wa bandani, awe wa aina yoyote, humshinda wa kuchunga.

Kwa jembe na mkokoteni hakuna mjadala mrefu. Maksai wa zebu ni mfanyakazi wa Nzega na Igunga kwa miaka yote, ana nundu ya kushika nira na kwato ngumu. Ndume la chotara linaweza kufundishwa, ingawa huchoka mapema kwenye jua. Dexter alitumika kwao kwa kazi nyepesi, na zaidi ya hapo hana la kutuambia. Kwa nyama, zebu wa kilo 240 hutoa nyama na mifupa ya kilo 120 hivi, na soko lake halihitaji kutafutwa.

Kwa hali ipi, ng'ombe yupi

Mwenye ekari mbili au tatu za mahindi, asiye na fedha ya mashudu kila mwezi, na anayeishi mahali ambapo afisa mifugo hufika kwa nadra, atapata amani zaidi kwa majike wawili wa kienyeji waliochaguliwa vizuri. Wawili ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwa sababu hawakauki maziwa kwa wakati mmoja na kifo cha mmoja hakifungi zizi. Zebu pia ndiye chaguo la anayelima kwa maksai, na la anayepakana na mbung'o na hawezi kulisha bandani.

Aliye karibu na mji wa Tabora, Kigoma Ujiji au Kasulu, mwenye mnunuzi wa maziwa wa kila siku, lusina iliyokwisha kushika mizizi, na maji ya karibu, atalipwa na chotara wa Jersey. Vilevile anayekaa nyanda za juu za Buhigwe penye migomba, ambako vigogo vyake na majani ya kukatwa hupatikana karibu mwaka mzima. Vigogo hivyo ni maji mengi na lishe ndogo, hivyo viende pamoja na majani ya mikunde.

Dexter anamfaa mtu mwenye mtaji asiyetegemea mnyama huyo kwa chakula, kama shamba la mafunzo, hoteli yenye bustani ya wanyama, au kikundi cha wafugaji wazoefu wanaoweza kuagiza mbegu kwa pamoja na kuijaribu kwa majike wa kienyeji wachache huku wakiandika kumbukumbu. Mtu huyo asipokuwepo katika eneo lenu, ndama mfupi na mwenye maziwa mazuri mnaweza kumpata kwa kuchagua zebu wafupi kijijini na kuwahimilisha kwa Jersey.

Mwenye chini ya nusu ekari, anayenunua kila fungu la majani, afikirie mbuzi wa maziwa wawili kabla ya ng'ombe wa aina yoyote kati ya hawa; chakula cha zebu mmoja kinatosha mbuzi wanne au watano.

Na aliyekwisha kuamua kununua chotara mwenye mimba, achague mwenye mimba ya miezi minne hadi sita iliyothibitishwa na mtaalamu, amlete mwezi Desemba majani yanapokuwa yameota, na akubaliane na muuzaji kuwa malipo ya mwisho yatatolewa majibu ya vipimo yakirudi. Anayeuza Agosti kwa bei ya kutupa mara nyingi ameishiwa chakula, na mnyama wake atafika kwako akiwa na njaa ya miezi mitatu pamoja na mimba tumboni.